Laifu jaketi ya watoto yenye mkanda wa miguuni: tumeivaa Julai 4 ziwani, maoni yangu haya hapa

Naandikia hasa wenye watoto wadogo huku Minnesota, maana tunaishi na maziwa kila kona na ikifika Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, kila familia inataka kuwa majini, mkaa unawaka, mishkaki inageuzwa, muziki uko juu, watoto wamejaa hata hujui yupi wa nani. Nimewanunulia wanangu wawili, wa miaka minne na wa miaka saba, hizi laifu jaketi, yani jaketi za kuwafanya waelee majini, dola 30 na kitu kila moja, tumezitumia ufukweni Lake Nokomis na kwenye boti ya kukodi Lake Minnetonka. Kampuni siitaji kwa sababu ukishajua cha kuangalia utachukua hata ya kampuni nyingine na itakuwa poa tu.

Cha kwanza geuza ndani usome lebo. Kama haijaandikwa kwamba imeidhinishwa na U.S. Coast Guard, yani walinzi wa pwani wa Marekani, irudishe kwenye rafu, hata kama ina katuni na mtoto ameshaanza kulia anaitaka. Lebo hiyohiyo ndo inakwambia uzito, ya mdogo wangu ni ya paundi 30 mpaka 50, yani kilo 14 hadi 23 hivi, ya mkubwa ni paundi 50 mpaka 90. Na hapa ndo wengi wetu tunapoharibu jamani, tunachukua kubwa ili akue nayo kama sare ya shule. Jaketi ikiwa kubwa mtoto akiingia majini sponji inapanda juu yenyewe, mtoto anabaki chini, inamfika masikioni, na mwingine anachomoka kabisa. Kwahiyo mvalishe, funga kila kitu, halafu ishike mabegani uivute juu. Ikipita kidevu au ikafika masikioni, hiyo siyo size yake, tafuta ndogo.

Kilichonifanya nichukue hii na siyo ile ya bei ndogo iliyokuwa pembeni yake ni mkanda unaopita katikati ya miguu. Watoto wanauchukia balaa. Wa miaka minne alilalamika asubuhi nzima eti unambana, shangazi yake akataka amfungulie "apumue kidogo", nikamwambia wifi huo usiuguse, afadhali anune. Huo mkanda ndo unaozuia jaketi isipande shingoni akirukia maji, bila huo zipu na vifungio vya kifuani peke yake havitoshi kwa mtoto mwembamba.

Rangi nimechukua chungwa linalowaka. Kulikuwa na ya bluu nzuri kweli ila kwenye maji ya ziwa bluu inapotea, ukigeuka kuchukua soda tu unaanza kutafuta.

Halafu kuna yale maboya ya kupuliza ya kuvaa mikononi, yalikuwa mengi siku hiyo, na ile midoli ya bata na donati. Hayo ni ya kuchezea, hayaokoi mtu, yanatoboka, yanachomoka, na ubaya wake ni kwamba mzazi akiyaona anatulia roho anaenda kukaa. Na kwenye boti ndo kabisa usijaribu: sheria ya Minnesota inataka mtoto wa chini ya miaka 10 awe ameivaa laifu jaketi boti ikiwa inatembea, siyo imewekwa chini ya kiti. Watu wazima nao lazima kuwe na moja ya size yake kwa kila kichwa. Kuna mzee mmoja kwenye kundi letu aligoma, anasema amekulia Mwanza, Ziwa Victoria analijua, atavaaje maboya mbele ya watoto. Tukamwambia sawa baba, basi boti haiondoki. Akavaa.

Sasa isikudanganye, jaketi hii haimwangalii mtoto kwa niaba yako. Aina hii ya kuogelea nayo inamfanya aelee ila haijatengenezwa kumgeuza uso juu akiwa amezimia, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, anaenda kimyakimya tu. Huku Marekani kuzama ndo kunaongoza kuua watoto wa mwaka mmoja mpaka minne, kwahiyo tulipangana mtu mzima mmoja akae karibu na maji, hana simu, hana bia, baada ya robo saa anapokelewa na mwingine. Shemeji zangu walicheka mwanzoni, baadaye wakawa wanagombania zamu kukwepa moshi wa jiko.

Jioni watoto walivyotoka majini niliwavua jaketi kabla ya fataki. Vile vijiti vya kumetameta wanavyopewa watoto, ambavyo hapa vinaruhusiwa wakati vya kuruka na kulipuka haviruhusiwi, joto lake linafika karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi, na nailoni ikishika cheche inayeyuka inagandia ngozi. Mdogo nilimnyima kijiti kabisa nikampa tochi. Weka na ndoo ya maji, vijiti vilivyozimika tumbukiza humo, maana vinabaki vya moto na watoto wako pekupeku.

Mapungufu yapo. Zipu ikiingia mchanga inagoma mpaka uisuuze, kukauka inachukua muda, ukiivaa nje ya maji juani mtoto anatoka jasho vibaya. Usiiweke kwenye mashine ya kukaushia nguo, joto linaharibu sponji, itundike tu kivulini, na usikubali watu waikalie kwenye boti kama mto maana sponji ikibonyea imekwisha. Kila mwaka mpya kabla ya joto pima tena uzito wa mtoto, mkubwa wangu alipita paundi 50 juzijuzi tu.

Mimi naipa nyota nne, ya tano nimeikatalia zipu. Kama mtoto wako ana chini ya paundi 30 usichukue hii, kuna zile zenye kola kubwa nyuma ya kichwa na kishikio juu cha kumnyanyulia, hizo ndo zake.