Uzoefu wangu na mkandarasi wa nyumba za mawe Mkomani: nyota 5 za chokaa, nyota 2 za boriti

Huduma: ukarabati wa nyumba tatu za mawe zilizoshikana kuta, mtaa wa Mkomani, Lamu, kwa mkataba mmoja. Kazi yenyewe ni paa, boriti (miti ya mikoko inayobeba dari) za msana mmoja, yaani chumba kirefu chembamba, nyufa, lipu na kupaka. Tulikubaliana wiki 14, zikaenda 21. Jina la mkandarasi silitaji. Ninayoyaandika hapa yatamfaa mtu yeyote mwenye nyumba ya kale, awe amempata huyu au mwingine.

Mkataba mmoja kwa nyumba tatu ni uamuzi ninaoutetea. Kuta za Mkomani ni za shirika. Maji yakiingia kwenye paa la jirani, doa hutokea kwangu kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na ukikarabati peke yako unapaka chokaa juu ya maji ya mwenzio. Halafu mizigo: jiwe linatoka Manda Maweni, kisiwa cha jirani, kwa mashua, mchanga nao kwa mashua, kisha punda mpaka mlangoni. Kuita mashua mara tatu kwa nyumba tatu ni kutupa pesa.

Vibali havikutusumbua. Mji wa kale umetangazwa kwenye gazeti la serikali tangu 1986 na uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo pamoja na kaunti kuna watu wa uhifadhi wa Makumbusho. Mkandarasi alipeleka michoro mwenyewe na kujibu maswali. Hapo sina lawama.

Lawama inaanzia kwenye BQ, ile orodha ya vipimo na bei. Iliandikwa na mtu aliyezoea nyumba za bloku. Mstari mmoja ulisema "kukarabati nyufa, jumla", bila mita. Tulikisia mita 14. Lipu ya simiti ilipobanduliwa zikaonekana mita 31, maana simiti ilikuwa imezifunika. Mkandarasi akataka nyongeza, sisi wenye nyumba tukashika neno "jumla", kazi ikasimama siku 9. Ufa uandikwe kwa mita, na bei ya kila mita iwe mbili: ufa wa lipu tu, na ufa uliopita mpaka kwenye jiwe. Huu wa pili si wa kujaza na mwiko. Unapanuliwa, unaoshwa vumbi, unaloweshwa, na kila nusu mita linapandikizwa jiwe refu la kuvuka ufa ili pande mbili zishikane. Tena kwenye nyumba ya kale wekeni fungu la dharura la asilimia 15. Wanaoweka 5 hawajawahi kubandua lipu.

Sasa boriti. BQ ilisema vipande 24 vya mita 3. Msana una upana wa mita 2.8, ukuta hadi ukuta. Fanya hesabu: kila kichwa kimebakiwa na sentimita 10 za kukalia. Ukuta wa matumbawe ulioliwa na chumvi haubebi boriti kwa sentimita 10. Kichwa kitaponda chokaa iliyo chini yake na dari itashuka upande mmoja. Sentimita 20 kila upande ndicho kiasi cha chini, yaani mti wa mita 3.2, na ukiagiza wa 3.5 unapata pa kukatia kichwa kilichopasuka. Aliyepima alipima chumba akasahau ukuta, na hilo si kosa la mkandarasi. Lakini fundi wake mkuu aliliona akanyamaza mpaka miti imeshushwa gatini.

Kosa lililofuata ni la mkandarasi mwenyewe. Kwa wauza mikoko, boriti ni mti wa kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 13.5. Chini yake ni mazio, kama 8 hadi 11. Miti ikiwa imelala ufukoni huoni tofauti, na ikishapakwa chokaa darini ndiyo basi. Chukua kamba, izungushe katikati ya mti. Ikipungua sentimita 36, hiyo si boriti. Katika korja mbili zilizoletwa, yaani miti 40, tulikuta mazio 9. Tulizirudisha, na hapo ndipo wiki mbili zilipokwenda. Miti mingine ilikuwa na gome. Gome litoke lote kabla mti haujaingia ndani, wadudu wanaanzia humo. Daini pia nakala ya kibali cha misitu cha hiyo shehena. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, mikoko ikiwemo, kila mtu hapa anajua mzigo usio na karatasi unaweza kuzuiwa njiani.

Upachikaji, lakini, waliufanya kwa adabu. Nguzo za kukinga ziliwekwa kwanza chini ya dari, kila moja juu ya ubao mpana, kisha boriti zikatolewa kwa kuruka moja. Mti wa mita 3.2 hauingii chumba cha 2.8 hivi hivi: tundu la upande mmoja linachimbwa mpaka karibu sentimita 40, mti unasukumwa ndani kwa mshazari, unanyooshwa, unarudishwa nyuma mpaka pande zote ziwe na 20, halafu nyuma yake panazibwa kwa vipande vya mawe na chokaa. Ukichimba 40 kwenye ukuta wa sentimita 50 unakutana na kichwa cha boriti ya jirani. Kama jirani hayumo kwenye mkataba, kazi inaishia hapo.

Paa lilikuwa na tabaka za ukarabati wa zamani, moja juu ya nyingine. Kila aliyeona linavuja aliongeza sentimita kadhaa. Juu ya msana ule tulibandua sentimita 8 za ziada. Kwa chumba cha mita 2.8 kwa 5.5 hizo ni zaidi ya tani 2 zilizokuwa zikikalia boriti bure. Sakafu mpya ya paa ilimwagwa, ikapigwa kwa vijiti siku nne, asubuhi na alasiri, mpaka nyufa ndogo zikaacha kurudi. Mwinamo ni sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mlizamu, ile mifereji ya kutolea maji ya paa nje. Mlizamu wenyewe uliwekwa mfupi, maji yakawa yanarudi kuulamba ukuta. Utoke nje ya ukuta angalau sentimita 40.

Chokaa ndiyo sababu ya zile nyota 5. Ilikuwa ya kuchomwa kwa matumbawe, ikazamishwa majini mwezi mzima kabla ya kutumika, ikachujwa. Isipochujwa, vidonge ambavyo havijaiva majini hubaki ndani ya lipu, hunywa unyevu polepole na kufumuka baada ya miezi. Utaona vishimo vidogo ukutani, kila kimoja na nukta nyeupe katikati. Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka tatu, kila moja haizidi sentimita 1, na siku 7 kati yake. Kwa kuwa ilikuwa kaskazi, magunia mabichi yalitundikwa ukutani. Upepo ule ukikausha lipu siku ya kwanza, inapasuka kama tope la bwawa.

Kabla ya lipu ukuta uliachwa uchi wiki tano, na chumvi ikawa inasuguliwa kwa brashi kavu. Usiruhusu ioshwe kwa maji, itarudi ndani. Wengi hawana subira na hatua hii, nao ndio wanaolalamika baada ya mwaka kwamba chokaa haifai.

Mara moja tu tulikuta karai la simiti limechanganywa, kwenye ukuta wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kujua ni rahisi: lipu ya chokaa ya jana bado inakwaruzika kwa ukucha, hii ilikuwa ngumu na ya kijivu. Simiti haipitishi unyevu, maji hubaki nyuma yake na chumvi huisukuma mpaka inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Waliibomoa bila ubishi, nawapa haki yao.

Mchanga wa kwanza ulikuwa wa ufukoni. Uweke ulimini, utajua. Jaza chupa theluthi moja, ongeza maji, tikisa, iache saa nzima. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, rudisha. Na wa vilima vya Shela usiupokee hata ukiwa safi vipi, vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji tunayokunywa mjini.

Kupaka: chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne. Rangi ya plastiki tuliikataa kwenye mkataba kwa jina.

Malipo yalikuwa asilimia 20 mwanzo, mengine kwa hatua baada ya kupima, na 10 ya kushikilia miezi sita, mtindo tulioiga kwenye zabuni za serikali. Miezi sita iandikeni ipite masika yote. Yetu ingeisha kabla mvua hazijakwisha, ikabidi tuombe isogezwe, naye akakubali kwa shingo upande. Hiyo asilimia 10 bado iko kwetu. Chini ya mlizamu ule uliorefushwa kuna doa la ukubwa wa sahani, mkono wa kushoto wa zidaka. Tumelichora kwa penseli kulizunguka, na tarehe pembeni.