Hita ya gesi inayowaka sekunde nne kisha inazima: uzoefu wangu

Hita yangu ya gesi ya kupasha nyumba joto iko kwenye msimu wake wa sita wa baridi. Mitano ya kwanza haikunisumbua hata siku moja. Safari hii niliamka usiku pua imeganda, themostati (kifaa cha ukutani kinachopima joto) inaita, hita haiitikii.

Nikavuta stuli nikaketi mbele yake kusikiliza. Feni ndogo ya kutolea moshi ikaanza kuunguruma. Ikafuata "tak" ya swichi ya mgandamizo, ile inayohisi kwamba feni inavuta hewa. Kiwashio kikaiva polepole mpaka kikawa kama kaa la moto. Vali ikafunguka, vuup! Mwali wa buluu ukatanda kwenye burna zote. Nikashusha pumzi. Moja, mbili, tatu, nne... tak, giza. Ikajaribu tena, yale yale. Ya tatu vilevile, kisha ikasusa kabisa, ikabaki taa nyekundu inanikonyeza.

Asubuhi nikaita fundi. Aliitazama, hata testa hakuitoa mkobani, akasema bodi, yaani ubao wa umeme unaoiongoza hita, imekufa na bei yake nijikaze. Mimi si fundi, lakini bodi iliyokufa inaendeshaje feni, kiwashio na vali kwa utaratibu ule mara tatu? Nikamlipa usumbufu wake, tukaagana.

Moto ukiwaka vizuri ukazimwa baada ya sekunde chache, mara nyingi ni kwamba bodi haijaridhika kuwa moto upo. Shahidi wake ni sensa ya moto, kijiti cha chuma chembamba kuliko penseli kinachokaa ndani ya mwali. Mwali wenyewe hupitisha umeme kidogo mno, maikroampea (sehemu za milioni za ampea) chache tu, kutoka kwenye kijiti hadi kwenye burna. Bodi isipouona umeme huo inafunga gesi, na hapo siilaumu: gesi inayomwagika bila kuwaka ni balaa.

Nikazima umeme, nikafunga koki ya gesi, nikafungua skrubu moja. Kijiti kimevaa utando wa kijivu, ukikikwaruza kwa ukucha hautoki. Nikakisugua taratibu kwa stilwaya laini mpaka kikang'aa, nikakifuta kwa kitambaa kikavu. Kiwashio kilicho jirani sikukigusa, maana kinavunjika kama chaki. Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Moja, mbili, tatu, nne, tano... feni kubwa ikaamka na hewa ya moto ikaja.

(Kama unasikia harufu ya gesi, achana na haya yote. Usiguse hata swichi ya taa. Toka, upige simu ukiwa nje.)

Mashine yenyewe naisifu. Lakini maelezo ya ile mikonyezo ya taa yamebandikwa upande wa ndani wa mlango, na ukitoa mlango umeme unakatika, taa inazima. Usome nini sasa? Nimeyapiga picha, yako kwenye simu. Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na huo mlango.