Monstress, juzuu ya kwanza: pepo asiye na wa kumpunga

Nilinunua juzuu ya kwanza ya Monstress, kitabu cha hadithi za picha, kwa shilingi 45,000 katika duka moja la vitabu hapa Dar es Salaam, na kabla sijaisifu lazima niseme kwamba niliikuta kwenye rafu ya watoto, katikati ya hadithi za sungura na vitabu vya kupaka rangi. Huenda aliyeipanga alifunua kurasa mbili tatu, akamwona paka mwenye mikia miwili na mtoto mwenye masikio ya mbweha, akaridhika. Kitabu hiki ni cha watu wazima. Kinaanza kwa mwanamke kijana aliyekatika mkono akinadiwa mnadani kama bidhaa, na kuanzia hapo damu, mateso na matusi mazito havikauki. Nilimweleza muuzaji, naye akaihamisha nakala iliyobaki papo hapo.

Kimeandikwa na Marjorie Liu wa Marekani na kuchorwa na Sana Takeda wa Japani. Juzuu hii ilitoka mwaka 2016 ikiwa imekusanya matoleo sita ya mwanzo, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi na za njozi, katika fungu la hadithi za picha. Mhusika mkuu, Maika Halfwolf, ni wa kabila la Arcanic, viumbe wenye damu iliyochanganyika, ambao wamepigana vita vikubwa na wanadamu na sasa wanaishi katika amani isiyoaminika. Upande wa wanadamu una watawa wachawi wenye nguvu kubwa waitwao Cumaea, ambao huwachinja Arcanic ili wapate nguvu kutoka katika miili yao. Maika anaingia mwenyewe katika ngome yao kutafuta ukweli juu ya mama yake.

Kilichonishika zaidi ni kile kilichomo ndani ya Maika. Mwilini mwake anakaa kiumbe wa kale aitwaye Zinn, mwenye macho mengi, anayejitokeza kupitia kigutu cha mkono wake na kudai kula watu. Sisi tuliokulia Pwani tuna neno la hali hiyo: Maika ni kiti, yaani mtu anayekaliwa na pepo. Lakini kwetu pepo akipanda kichwani huulizwa jina lake na haja yake, hupigiwa ngoma, huahidiwa chakula chake, na yuko mganga anayesimama katikati ili mwenye mwili asiangamie. Maika hana mganga wala ngoma, na wala hana jamaa wa kumshika anapoanguka. Inambidi ajadiliane na pepo wake peke yake, huku akijua kwamba kila anapochelewa kumlisha, atakayeliwa ni yule aliye karibu naye. Ndiyo maana kurasa anazosafiri na yule mtoto mbweha, Kippa, zilinitia hofu kuliko mapigano yote, kwa kuwa mtoto anamwamini, naye mwenyewe hajiamini.

Takeda anachora mambo haya kwa utulivu wa ajabu. Nguo zina nakshi hadi kwenye pindo, kuta zina mapambo ambayo jicho linachelewa kuyamaliza, na kisha kutoka katika urembo huo wote linachomoza jicho moja, halafu la pili. Nilikumbuka vinyago vya mashetani vya Wamakonde pale Mwenge, ambavyo kiungo kimoja huzaa kingine hadi ukashindwa kujua mwili unaishia wapi.

Liu amewahi kueleza kwamba simulizi za babu na bibi yake walionusurika vita nchini China zilichangia hadithi hii, na hilo linaonekana. Njaa imetawala kila mahali: njaa ya Zinn, njaa ya wafungwa, njaa iliyowafanya watu watende vitendo ambavyo baadaye hawavisemi. Bibi yangu, aliyetoka Songea, alipokuwa akitusimulia Vita vya Maji Maji kama alivyovisikia kwa wazee wake, hakukaa sana kwenye risasi. Alikaa kwenye njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Kasoro zipo. Sura mbili za mwanzo zinammwagia msomaji majina ya mataifa, koo na miungu bila kumpa nafasi ya kupumua, na Kiingereza chake si chepesi. Kila sura inafungwa na somo fupi la historia kutoka kwa paka mwalimu aitwaye Tam Tam. Mimi niliyasoma masomo hayo kwanza, kisha nikarudi mwanzo, na mambo yakanyooka. Aidha, kurasa nyingi ni za giza na herufi ni ndogo, kwa hiyo zisomwe mchana, karibu na dirisha.

Mdogo wangu wa miaka 13 ameona jalada na ananiomba kila siku. Nimekiweka juu ya kabati, na juzuu ya pili nimeshaiagiza.