Brashi ipi inafika kwenye kona za shawa ya kioo? Mwongozo wa kununua kwa nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Kioo cha shawa kinaweza kung'aa kama kimefungwa jana, lakini pitisha kidole kwenye reli ya chini ya mlango, au chini ya ile raba inayozuia maji, na kidole kitatoka na uji mweusi. Uji huo ndio unaoleta harufu, unaokwamisha magurudumu ya mlango, na unaofanya watu wakimbilie dukani kununua dawa kali zaidi. Mara nyingi dawa waliyonayo inatosha kabisa. Kinachokosekana ni kifaa chembamba cha kuifikisha mahali husika.

Kwetu tatizo ni zito kwa sababu ya baridi. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Iringa, Mafinga, Njombe na Makete nako hali ndiyo hiyo. Watu wanaoga maji ya moto huku dirisha limefungwa, mvuke unagonga kioo baridi na kugeuka matone, na matone yanateremka hadi relini na kukaa humo. Hapo ndipo vinapokutana vitu vitatu tofauti: utando wa sabuni, ukoko mweupe wa chokaa kama ule wa ndani ya birika, na ukungu mweusi. Siki inayeyusha ukoko lakini haiwezi ukungu sugu. Jiki inaua ukungu lakini haigusi ukoko. Jua kwanza unapambana na kipi ndipo utoe hela.

Vifaa vifuatavyo vimepangwa kuanzia kile cha kununua kwanza.

1. Brashi nyembamba, angalau za aina mbili

Hapa usibane matumizi. Unahitaji brashi ya kwanza yenye nyuzi ngumu zilizopangwa kwa umbo la V, ile ya kusugulia mistari ya grauti kati ya marumaru. Ncha yake inaingia kwenye kona ambako kioo kinakutana na ukuta. Ya pili ni brashi ya mviringo mwembamba, kama ya kuoshea mrija au chupa ndogo, yenye kipenyo cha milimita 8 hadi 12. Hiyo ndiyo inayopita ndani ya reli na nyuma ya magurudumu. Kabla ya kununua, pima upana wa mfereji wa reli yako kwa rula. Brashi iliyo nene kuliko mfereji inakunja nyuzi zake na kuteleza juu ya uchafu bila kuung'oa.

Dukani, iwe Mwanjelwa ya Mbeya, Mashine Tatu ya Iringa au soko la Njombe, fanya majaribio mawili. Vuta nyuzi chache kwa vidole: zikitoka, irudishe. Kisha pinda shingo ya brashi. Ikijikunja kirahisi, nguvu yako itaishia kwenye mpini. Kwa brashi ya mviringo angalia waya wa katikati, kwa sababu waya usio wa chuma kisichoshika kutu utaacha madoa ya kahawia kwenye alumini ndani ya wiki chache.

Mswaki wa zamani unasaidia, ila nyuzi zake ni laini mno kwa ukoko. Kata nyuzi zibaki nusu ya urefu wake na zitakuwa ngumu zaidi. Na kwa kukwangua uchafu uliokauka relini, kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha bapa kinashinda kisu na bisibisi. Hakikwaruzi alumini, na Iringa mwanzi haununuliwi kwa shida.

2. Waipa ya mkono ya kufutia kioo

Haifiki kwenye kona, lakini inapunguza maji yanayokwenda huko, ndiyo maana iko juu hivi. Chagua yenye mpira laini wa silikoni na upana wa sentimita 20 hadi 25. Pana kuliko hapo inagonga bawaba na mpini wa mlango. Tazama ukingo wa mpira dhidi ya mwanga: ukiwa na mikunjo utaacha michirizi. Vuta kutoka juu kwenda chini, kisha malizia reli kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kile kijiti cha mwanzi. Kazi nzima haizidi dakika 2, na ukiifanya kila baada ya mtu wa mwisho kuoga, usafi mkubwa unaweza kusubiri mwezi.

3. Dawa: siki au asidi ya sitriki, kisha jiki kwa siku tofauti

Siki nyeupe yenye asidi ya asilimia 5 hivi inatosha kwa ukoko wa kawaida. Kwa ukoko mzito, asidi ya sitriki ni bora na haina harufu ya kukera. Ni unga mweupe unaopatikana kwa wauzaji wa malighafi za juisi na sabuni. Koroga vijiko 2 vya chakula kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Neno uvuguvugu lina uzito hapa, kwa sababu asidi hufanya kazi polepole kwenye baridi, na siki iliyolala dukani usiku wa Julai ikimiminwa hivyo hivyo itakukatisha tamaa bure. Weka chupa ya siki ndani ya ndoo ya maji ya moto kwa dakika 10 kwanza.

Jiki usiipashe moto kamwe, kwani joto linaiharibu. Changanya sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 4 za maji siku hiyo hiyo ya kuitumia, maana hupoteza nguvu ikikaa, hasa juani. Vaa glavu, fungua dirisha hata kama kuna baridi. Na usiikutanishe na siki, sitriki wala dawa yoyote ya choo yenye asidi: mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lililofungwa ni mahali pabaya mno pa kuivuta. Dawa zenye amonia nazo ziepushe na jiki. Tumia asidi leo, suuza kwa maji mengi, jiki iwe kesho.

Asidi ya chumvi, ile kali inayouzwa kwa ajili ya masinki ya choo, isiingie kwenye shawa ya kioo hata tone. Inakula alumini, inang'oa kromu ya mabomba na kumomonyoa grauti. Na kama ukuta wako ni wa mawe asilia ya marumaru, hata siki itaacha alama hafifu zisizofutika. Hapo tumia sabuni ya maji na brashi tu.

4. Brashi za kufunga kwenye drili

Kama nyumbani kuna drili ya betri tayari, seti ya brashi hizi ni manunuzi mazuri kwa grauti na kona pana. Drili ya waya wa umeme isiingie bafuni. Chukua seti yenye kichwa chenye ncha kama koni, kwa sababu vile vya bapa havina faida kwenye kona. Rangi za nyuzi mara nyingi huonyesha ugumu, nyeupe ikiwa laini, njano ya kati na nyekundu ngumu, ila si kila kiwanda kinafuata hivyo, basi jaribu kwa ukucha. Tumia mwendo wa chini. Mwendo wa juu unarusha maji machafu usoni na kukwaruza beseni la plastiki la chini. Ndani ya reli haifai.

5. Brashi ya umeme yenye mpini mrefu

Inamfaa mtu mwenye maumivu ya mgongo au magoti, na kwake tungeipandisha hadi nafasi ya tatu. Kwa wengine ni gharama kubwa kwa kazi ambayo brashi ya mkono inafanya vizuri zaidi kwenye nafasi finyu. Ukinunua, hakikisha kuna kichwa chenye ncha ndani ya boksi, na muulize muuzaji kama ana vichwa vya akiba leo hii, kwa kuwa kichwa kikiisha na huna kingine, mashine nzima imeisha. Soma pia alama ya kuzuia maji. IPX7 inavumilia kuzama kwa muda mfupi, IPX4 inavumilia kurushiwa maji tu.

Usivyopaswa kununua

Mashine ya mvuke: mvuke wa moto ukielekezwa kwenye silikoni unaweza kuilegeza, halafu unaongeza unyevu kwenye chumba ambacho tatizo lake ni unyevu. Stili wuli na msasa: mikwaruzo yake ndiyo makao mapya ya ukoko. Sifongo nyeupe zinazodaiwa kufuta kila doa zinakubalika kwenye kioo, lakini zinafifisha kromu na plastiki, kwani zinafanya kazi kama msasa laini sana.

Namna ya kuvitumia relini

Anza pakavu. Toa nywele na uchafu kwa kijiti cha mwanzi na brashi ya mviringo, kwa sababu ukimwaga maji kwanza unatengeneza tope. Milango mingi ya kusukuma pembeni ina kitufe kwenye magurudumu ya chini: kibonyeze, na sehemu ya chini ya mlango itavutika kuelekea ndani, ukiacha reli wazi. Usipokiona kitufe, usiunyanyue mlango peke yako. Kioo cha usalama ni kigumu usoni lakini dhaifu pembeni, na kona yake ikigonga marumaru kinaweza kupasuka chote kuwa vipande vidogo.

Sasa loweka karatasi za chooni kwenye siki ya uvuguvugu, zilaze ndani ya reli, subiri dakika 15. Usizidishe, maana alumini nayo huathirika. Sugua, suuza, kausha. Kisha tafuta matundu madogo ya kutolea maji kwenye reli na uyazibue kwa kijiti cha meno. Ukikuta yamezibwa na silikoni, chanzo cha uji mweusi umekipata. Fundi aliweka silikoni ndani na nje, na maji yanayopenya chini ya reli hayana pa kutokea. Kwa kawaida fremu huzibwa upande wa nje peke yake.

Kichwa cha shawa ya umeme, ambacho huku kwetu kiko kwenye nyumba nyingi zenye bafu la ndani, kina ukoko wake kwenye matundu. Zima swichi yake kwanza. Fungua uso wenye matundu, uloweke huo peke yake kwenye siki kwa dakika 30, usugue kwa mswaki. Sehemu yenye waya isiloweshwe.

Weusi usiotoka kwenye silikoni

Laza karatasi iliyolowa jiki juu ya mstari wa silikoni kwa saa 1, ukiilinda alumini isiguswe, kisha suuza. Kama weusi umebaki baada ya kurudia mara mbili, ukungu umeshaingia ndani na hakuna brashi itakayoufikia. Nunua mrija wa silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Imeandikwa hivyo kwenye mrija, na ile ya kawaida ya madirisha haina. Kata ya zamani yote, kausha pengo kwa siku nzima, ukiweza kwa feni, ndipo uweke mstari mpya wa milimita 5 hadi 6. Kuiweka juu ya ya zamani ni kutupa mrija. Maji yasiguse hapo kwa saa 24, na mwezi wa saba subiri 48.