Mazda Roadster: viti viwili, buti la lita 130, na ukoo mzima unasubiri lifti

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni. Hili mnaloliona nyuma yangu ni Mazda Roadster la mwaka 2015, toleo la nne. Nje ya Japani linaitwa MX-5, na Wamarekani wengi wanaliita Miata. Gari ni lile lile. Nimelitumia hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kulijua uzuri wake na maudhi yake, na kila ninapoliegesha lazima atokee mtu aniulize: "Sasa kaka, familia inakaa wapi?" Swali hilo tutalijibu, tena kwa kirefu, kwa sababu kwangu mimi ndilo swali la maana kuliko la mbio.

Twende nyuma kwanza. Nafungua buti. Mnaona? Lita 130. Begi dogo la ndege linaingia, mfuko wa mchele wa kilo kumi unaingia pembeni yake, na hapo umemaliza. Ndani hakuna hata ile droo ya dashibodi mbele ya abiria. Kuna kijisanduku kati ya migongo ya viti, cha karatasi za gari na pochi. Na wale mnaotafuta spea tairi, msihangaike, haipo. Wamekupa pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba tundu. Msumari dawa inaumudu. Ukipasua tairi ubavuni kwenye shimo kule Chalinze, dawa haisaidii kitu, na saizi yake, 195/50 rimu 16, si kila duka la njiani linayo. Ukisafiri mbali, chukua kabisa namba ya mtu wa kukuvuta.

Haya, tuingie ndani, kama tutaweza. Gari lina kimo cha sentimita 123 na ushee tu, kwa hiyo hukalii kiti, unashuka ndani yake. Nilimpeleka mama mzazi kanisani nalo. Kuingia aliingia vizuri. Kutoka ndiyo ilikuwa shughuli, na gauni la Jumapili, mbele ya wazee wa kanisa. Tangu siku hiyo namfundisha kila abiria: unaanza kukaa, miguu inafuata. Kutoka, miguu yote miwili nje kwanza, shika nguzo ya kioo cha mbele, jinyanyue. Mwenye maumivu ya goti au mgongo msimpandishe kabisa, mtamtesa bure.

Sasa lile swali la familia. Jamani, tuambiane ukweli. Kwetu gari kwenye kadi lina jina lako, lakini likishalala uani kwako ni la ukoo. Shangazi ana kliniki Muhimbili na anafuatana na watu wawili. Mjomba ameshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi na gunia la machungwa ya Muheza. Kuna msiba Kibaha, na tayari kwenye grupu la WhatsApp umepangiwa watu wanne na masufuria. Hakuna anayekuomba, unapangiwa tu. Na ukiwa na Toyota Noah, lile gari la kubeba familia nzima, huna pa kujifichia.

Roadster linakusemea "haiwezekani" bila wewe kufungua mdomo. Siti ni mbili, wewe uko kwenye moja. Simu za "uko wapi, utapitia huku?" zinapungua zenyewe. Sitawadanganya, miezi ya mwanzo nilifurahi sana. Jumamosi ikawa yangu. Nilikuwa sijui Jumamosi ina saa nyingi kiasi kile.

Ila lina upande wake wa pili, na huo hamtauona kwenye video za Wazungu. Siku ya msiba watu wanajazana kwenye Noah, wanabanana, njiani wanasimuliana habari za marehemu, wanalia, wanacheka. Wewe unafika peke yako kwenye kigari chekundu, unatafuta mahali pa kukificha mbali na turubai la waombolezaji. Hakuna anayekutukana. Ila binamu mmoja atasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu siku hizi ni wa watu wawili." Na watoto? Ukiwa nao wawili, mmoja lazima abaki akilia getini. Ukiwa na mchanga ndiyo kabisa, maana kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya begi la hewa linalofanya kazi, na huku nyuma hakuna pa kukiweka. Mwenye familia, gari hili liwe la pili nyumbani. Likiwa pekee, mtagombana.

Mnauliza basi raha iko wapi. Iko kwenye barabara ya Mombo kupanda Lushoto. Kilomita thelathini na kitu za lami nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Gari lina nguvu za farasi 131 tu, injini ya lita moja na nusu. Toyota Mark X ya silinda sita italiacha kwenye barabara iliyonyooka bila hata kutoa jasho. Lakini Mark X ina uzito wa kama tani moja na nusu, na hili, toleo lake la msingi la gia za mkono, lina kilo 990. Injini imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito umegawanywa karibu sawasawa mbele na nyuma. Kwa hiyo ukiugusa usukani tu, pua imeshageuka. Unaingia kona na gia ya pili, unasikia nyuma kunakaa sawa, unakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unapanda hadi elfu saba na ushee, unaingiza ya tatu. Mkono wa gia ni mfupi na unaingia kwa mwendo mdogo wa kiganja. Na yote haya unayafanya kwa kasi ambayo trafiki akikusimamisha hana kosa la kukuandikia. Hiyo ndiyo siri yake: unafaidi gari lote ukiwa kilomita hamsini kwa saa. Magari yenye nguvu mara tatu ya hili, kwenye barabara zetu, unaishia kuyabembeleza.

Ila kwenye kona za Lushoto piga honi. Dereva wa Hiace anayeshuka anatazama juu ya paa lako.

Kwa ufupi, Mazda walilionyesha la kwanza Chicago Februari 1989. Walivutiwa na vigari vya wazi vya Uingereza vya miaka ya 1960, kama Lotus Elan, ila hili walilitengeneza liwake kila asubuhi. Aprili 2016 walifikisha gari la milioni moja, na rekodi ya Guinness ya gari la michezo la viti viwili lililouzwa zaidi duniani ni yake.

Paa sasa. Ni la turubai, halina mota. Unafungua kishikio kimoja hapa juu ya kioo, unalisukuma nyuma, unalibana mpaka lilie. Mvua ikikukuta kwenye taa za Morocco unalivuta kwa mkono mmoja ukiwa umekaa, kabla taa haijabadilika. Mimi hii naipenda kuliko mapaa ya umeme ya BMW Z4 au Mercedes SLK, ambayo yakigoma, fundi wa kuyajua umtafute kwa tochi.

Lakini msidhani mtaendesha wazi muda wote. Dar saa saba mchana paa wazi ni adhabu. Jua la utosini, bomba la daladala liko usawa wa sikio lako, konda anakusalimia, abiria wa dirishani wanasoma meseji zako. Simu usiiweke mapajani, itaondoka na bodaboda. Wakati wake ni saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, au usiku baada ya isha. Unapita daraja la Tanzanite, upepo wa bahari unaingia kwa ubavu, ukifika ufukwe wa Coco unaisikia harufu ya mihogo kabla hujaiona. Abiria wako afunge mtandio vizuri, tafadhali.

Matatizo ya barabara. Tumbo lake liko kama sentimita 14 tu juu ya ardhi. Matuta ya lami ya kawaida linapita. Yale yaliyotengenezwa na wananchi wenyewe, lipandishe kwa mshazari, tairi moja moja, hata wanaokupigia honi nyuma wavumilie. Kipimo changu ni hiki: kutoka lami hadi getini kwako kuna nini? Kama unakaa Goba ndani huko na masika ikinyesha njia inageuka mfereji, usinunue. Na maji yakijaa Jangwani usijaribu kufuata lori. Geuza. Barabara kuu nayo ina hofu yake: ukiwa Morogoro Road, gurudumu la lori liko usawa wa uso wako, na dereva wake hakuoni kwenye kioo. Usikae ubavuni mwake. Pita au baki nyuma.

Spea. Injini hii ni ya ukoo mmoja na za Demio na Axela za lita moja na nusu, kwa hiyo filta ya oili na vitu vya sevisi haviwezi kukusumbua. Bampa, taa, vioo, turubai la paa, hivyo vinaagizwa Japani na unasubiri. Nilisubiri taa moja ya mbele mpaka majirani wakadhani gari nimeliuza. Mafuta linakula kidogo, kwa vipimo vya Japani ni karibu kilomita 17 kwa lita, foleni ya kwetu itakupunguzia. Ila Wajapani wenyewe wanaliandikia petroli ya okteni ya juu, usiliwekee mafuta ya kwenye dumu. Na kama unaegesha chini ya mwembe, safisha matundu ya kutolea maji pale paa linapokunjikia. Maua ya mwembe yakiyaziba, mvua inahamia sakafuni, na harufu ya zulia lililooza haitoki kirahisi.

Wanaotaka kuagiza: hapa Tanzania gari la umri huu linatozwa ushuru wa uchakavu juu ya ule wa kawaida, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatuma hata senti, kwa sababu bei ya Japani inaweza kukudanganya. Walio Kenya, sheria yenu ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane imelifungia mlango la 2015. Tafuteni ambalo lilishaingia zamani, au agizeni jipya zaidi. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, ukiona daraja limeandikwa R, lilishagongwa likatengenezwa. Si lazima ulikimbie, ila uliza lilitengenezwa wapi na nini. Bima chukua kubwa, na uulize kwa maandishi kama turubai likichanwa kwa kisu wanalipa.

Kama kisu kinakutia hofu, lipo la RF, lenye paa gumu la umeme linalokunjika katikati, injini lita mbili. Zito kidogo, ghali zaidi, na halifunguki lote. La gia za oto lipo pia, linafaa kwa foleni ya Mwenge, lakini mimi nisingelinunua, kwani nusu ya utamu wa gari hili iko kwenye klachi.

Mtu mmoja ameniomba nijaribu Daihatsu Copen, lile la injini ya cc 660. Limeshapatikana, nitalileta wiki ijayo. Nalo ni la siti mbili, kwa hiyo shangazi, shikamoo, bado nasubiri Noah kama wewe.