Sanduku la Masi: vitafunio vya Diwali vinavyopikwa nyumbani hapa Malindi

Mimi ni fundi cherehani, na Diwali naijua kwa nguo kabla ya taa. Wateja wangu wa Kihindi huanza kuleta sketi za Navratri nizipunguze pindo, zile pana za kuchezea usiku tisa mfululizo. Zikishatoka mezani kwangu najua zimebaki kama wiki nne Diwali ifike, na Masi, mpishi wa vitafunio hivi, ameshawasha jiko. Mwaka 2025 Diwali iliangukia 20 Oktoba, siku moja na sikukuu yetu ya Mashujaa, kwa hivyo nyumba yangu ilijaa watu, na sanduku la vitafunio nililoagiza lilikwisha kabla ya adhana ya magharibi. Nikaagiza la pili. Tangu hapo watu wananisimamisha njiani kuniuliza vile vitu nilivitoa wapi, na Disemba imekaribia na wageni wake, basi bora niandike mara moja kila mtu asome.

Masi si duka wala mkahawa. Ni mama mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa hapa hapa Malindi, anayepika jikoni kwake si mbali na soko la zamani, akisaidiwa na msichana mmoja wa Kigiriama ambaye siku hizi mkono wake na wa Masi huwezi kuutofautisha. Kwa Kigujarati masi ni dada wa mama, na mtaa mzima tunamwita hivyo, wazee kwa watoto. Yeye naye huniita dikri, yaani binti yangu. Hana kibao mlangoni. Nambari yake ya simu siiweki hapa kwa sababu hakuniruhusu, lakini ukiwauliza wauza viungo wa sokoni watakuonyesha mlango, maana unga wa dengu anaununua kwao kwa magunia.

Kila kinachotoka jikoni kwake hakina nyama, hakina samaki, hakina yai. Kwa sisi Waislamu hilo lina raha yake: unakula bila kuuliza swali. Na vingi havina kitunguu wala thomu, kwa sababu baadhi ya wateja wake dini yao hairuhusu. Badala yake anatia mvuje. Mvuje nisemao ni ule mgumu kama gundi, tunaowafungia watoto wachanga mkononi, si majani ya mchuzi. Mara ya kwanza nilipofungua sanduku nyumbani, mama yangu alinyanyua kichwa kutoka kwenye mkeka akauliza, "Nani amezaa humu ndani?" Sikuwahi kufikiri kuwa kitu kile kinaliwa. Kumbe ukikitupa chembe kidogo kwenye mafuta ya moto, ile harufu kali inavunjika, inabaki ladha iliyo karibu na thomu lakini nyepesi zaidi.

Sanduku lenyewe ni la boksi, lina kama kilo moja na nusu ya vitu, na mwaka huu nililipa shilingi 1,800. Ndani mna chevda, gathia, chakri, farsi puri, na ghughra 12. Gathia sitazizungumza sana: ni vijiti laini vya unga wa dengu, ni vizuri kwa chai, lakini vina chumvi nyingi kwa mtu mwenye presha, na mama yangu ana presha. Nimemwambia Masi, akasema mwenye presha aagize zake mbali. Basi sema mapema.

Chevda ndiyo iliyonifanya niwe mteja. Nilikuwa nikinunua ya pakiti kwenye duka moja kubwa, na mara mbili nimekuta mafuta yameshachacha, ile ladha inayokaa kooni mpaka usiku. Ya Masi ukiitia mkononi haiachi alama ya mafuta. Mna mchele uliopondwa bapa, njugu, korosho, dengu za kukaanga, viazi vilivyokatwa vyembamba kama viberiti, zabibu kavu, na majani ya mchuzi yaliyokaangwa mpaka yanavunjika kama karatasi. Kila kitu hukaangwa peke yake, kwa moto wake, halafu ndipo huchanganywa na manjano, pilipili, sukari na chumvi ya ndimu. Hapo ndipo ilipo siri, kwa sababu korosho na kiazi haviivi kwa muda mmoja. Wa pakiti wanavirusha pamoja, na ukitafuna unajua.

Siku moja nilimpelekea pazia zake nikamkuta anakamua chakri. Ana bomba la shaba la zamani, la mama yake, lenye kisahani cha tundu la nyota chini na mpini wa kuzungusha juu. Unga wa mchele umekandwa na mtindi, ufuta, tangawizi na pilipili mbichi zilizopondwa. Anazungusha mpini kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unaliendesha bomba polepole juu ya karatasi, duara ndani ya duara, mara tatu, kisha anaukata unga kwa kidole na kuubana ule mwisho usifumuke kwenye mafuta. Nilikaa pale nikahesabu: duara moja kwa pumzi moja. Mimi nimeshona miaka 19 na najua mkono unaojua kazi yake. Ukiinunua, angalia mwisho wa duara. Kama umebanwa vizuri, hiyo ni ya Masi mwenyewe au ya msichana wake.

Ila chakri na hewa ya Malindi hazipatani. Ukiliacha sanduku wazi jioni moja, upepo wa bahari unaingia na asubuhi zimelegea. Zihamishe siku ile ile kwenye kopo la kifuniko cha kukaza. Zikilegea hazijaharibika: ziweke kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo dakika chache, ziache zipoe, zitakaza tena.

Farsi puri ni vibiskuti vya ngano vya matabaka, vyenye uzile na pilipili manga iliyopondwa nusunusu. Ghughra ni kama sambusa ndogo ya nusu mwezi, ila ndani ni tamu: suji iliyokaangwa kwa samli, iliki, lozi, sukari. Pindo lake limesokotwa kwa vidole kama ukingo wa ukili, na nimejaribu kulisokota mwenyewe nikashindwa. Watoto wangu hugombania ghughra, basi sasa nazigawa kwa kuhesabu.

Nje ya sanduku kuna vitu vya siku hiyo hiyo, ambavyo lazima uviagize jana yake. Hapa sina budi kuwaambia habari ya kachori. Sisi kwetu kachori ni kiazi kilichopondwa na ndimu na pilipili, kikachovywa kwenye unga wa dengu kikakaangwa. Kwa Masi kachori ni kitu kingine kabisa: ni duara la ngano, jembamba na lenye kukatika, na ndani zimejazwa mbaazi mbichi zilizosagwa na tangawizi, ukwaju, sukari na viungo. Nilipoagiza mara ya kwanza nilidhani amekosea. Nikauma, nikanyamaza. Mbaazi tunazila kila siku na mahamri, nilidhani nimeshazijua zote, na kumbe sikuwahi kuzila zikiwa mbichi, na ule ukijani wake bado umo ndani. Huzipika zinapopatikana sokoni tu, kwa hivyo usimlazimishe. Shilingi 40 moja.

Halafu patra, na hiki ndicho kitu changu. Anachukua majani ya majimbi, makubwa, anayalaza kifudifudi na kuipara mishipa kwa kisu mpaka jani linalala bapa kama kitambaa. Anapaka uji mzito wa unga wa dengu, ukwaju, sukari nguru na pilipili, analaza jani lingine juu, anapaka tena, majani manne au matano, kisha anakunja mkunjo kama anafunga mkeka na kuutia kwenye mvuke. Ukipoa anakata vipande, na kila kipande kina mzunguko wa kijani na njano. Mwisho anavirusha kwenye mafuta yenye haradali na ufuta. Mimi nilijaribu nyumbani, nikapunguza ukwaju kwa sababu mama hapendi uchachu. Usiku mzima tuliwashwa koo. Majani ya majimbi yana muwasho, na ukwaju ndio unaoutuliza. Masi aliponisikia alinishika bega akasema, "Dikri, ukwaju si wa ladha tu." Tangu siku hiyo nanunua kwake na roho yangu imetulia.

Mama yangu ndiye sababu hasa ya mimi kuandika. Ana miaka 74, na ni mtu wa pwani wa kweli: chakula bila kitoweo kwake si chakula, na kitoweo ni samaki au nyama, hakuna cha tatu. Mwezi wa nane aliumwa homa iliyomlaza siku 11. Ilipoondoka iliondoka na hamu yake ya kula. Nilimpikia samaki changu kwa nazi, akageuza uso. Nilimpikia supu ya mbuzi, harufu tu ikamtapisha. Alikuwa anakonda mbele ya macho yangu na mimi nashona huku nalia. Masi alikuja kuchukua blauzi yake, akauliza hali, akaondoka bila kusema kitu. Baada ya magharibi msichana wake akaleta sufuria mbili zimefungwa kwa kanga.

Moja ilikuwa kichri: mchele na pojo zilizoparazwa, vimepikwa pamoja kwa maji mengi mpaka vimeshikana, manjano kidogo, na kijiko cha samli kinayeyuka juu. Nyingine ni mchuzi mweupe mwepesi wa mtindi uliokorogwa na unga wa dengu, tangawizi, uzile, majani ya mchuzi, na utamu kwa mbali. Wenyewe huuita kadhi. Nikamchotea mama kijiko kimoja, mchuzi juu ya kichri. Akameza. Akafungua mdomo tena. Alikula vijiko tisa. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimeshasahau mara ya mwisho kumwona akila zaidi ya vitatu. Alipomaliza akaniuliza, "Kitoweo chake nini?" Nikamwambia hakuna kitoweo, mama, ni pojo na mtindi. Akasema, "Basi kesho tena."

Siku hizi Masi ananipikia bakuli la kichri na kadhi kila Ijumaa, shilingi 250, linawatosha watu wawili. Kwao hicho ni chakula cha kila siku, cha mgonjwa na cha mtu aliyerudi safarini amechoka, na wakati wa sikukuu, matumbo yakishachoka na vya kukaanga, ndicho wanachokirudia. Kama mna mzee nyumbani, au mtoto aliyetoka kuumwa, achaneni na sanduku, anzeni na hili bakuli.

Na msidhani haya ni mageni mjini kwetu. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, Aprili 1498, alikuta merikebu nne za Wahindi zimeshafika, na mmoja wa watu wake aliyekuwa akiandika habari za safari akaandika kwamba Wahindi hao waliwaambia hawali nyama ya ng'ombe. Kila nikipita karibu na ile nguzo yake nalikumbuka jambo hilo. Walikula nini hapa, miezi yote ya kuungoja upepo wa kusi uwarudishe kwao? Labda dengu, mchele, mtindi, achari. Sisi maneno tunayo mpaka leo, bajia, chapati, achari, lakini wengi wetu mlango wa jikoni lenyewe hatujawahi kuupita.

Sasa yaliyonikera. Disemba iliyopita Masi alipokea oda kuliko mikono aliyonayo. Sanduku langu lilikuwa la wageni wa tarehe 24, nikalipata tarehe 26. Aliomba radhi na akaongeza nusu kilo ya chevda bure, nami nikapokea, lakini wageni walikuwa wameshakula mikate ya dukani. Pili, boksi lake halina tarehe ya kupikwa, na mtu anayetaka kupeleka Lamu au Nairobi angependa kuijua. Muulize, atakwambia kwa mdomo, na wewe iandike juu kwa kalamu. Tatu, karatasi anayotandika ndani ni nyembamba, mafuta ya farsi puri yanapenya chini. Usiliweke boksi juu ya kitambaa cha mteja kama nilivyofanya mimi. Hariri ile niliilipa.

Ghughra na farsi puri husafiri vizuri. Patra na kachori ziliwe siku ile ile. Kopo la achari ya embe atakuuzia ukimuuliza, haliko kwenye sanduku, na ukikosa hilo kichri yako itakuwa imepungua kitu.

Malipo ni nusu unapoagiza na nusu unapochukua, kwa simu au taslimu, na hapeleki mzigo mwenyewe, unatuma tuktuk. Oda za Krismasi na Mwaka Mpya anafunga tarehe 15 Disemba, na baada ya yaliyotokea mwaka jana amesema hataongeza hata moja. Mimi nimeshaweka masanduku mawili, na mama amemtuma msichana amwambie Masi bakuli la Ijumaa hii liwe na samli zaidi.