Uzoefu wangu wa kushonesha na kuvaa bunadi ya Nordland

Bunadi ni vazi la asili la Norwei, la sufu nzito iliyotariziwa, linalovaliwa tarehe 17 Mei, siku ya kuadhimisha katiba ya mwaka 1814, na vilevile katika harusi, ubatizo na kipaimara. Mimi ninaishi Bodø, mji wa mkoa wa Nordland kaskazini mwa Norwei, nimeolewa huko, na baada ya kuivaa bunadi yangu kwa misimu kadhaa ninaona kwamba inastahili gharama yake, ambayo kwangu ilifika krona 50,000 hivi za Norwei.

Kila eneo lina bunadi yake, kwa hiyo mtu hachagui kwa kupendezwa na rangi tu. Mama mkwe wangu aliniuliza kwanza ninajihesabu mtu wa wapi, nami nikamjibu kwamba ni wa hapa, kwa kuwa ndipo ninapolea watoto wangu. Hakuna sheria inayomzuia mgeni kuvaa, lakini nimeona kwamba wenyeji hufurahi zaidi unapoweza kueleza unahusianaje na mahali vazi lilipotoka. Bunadi ya Nordland ilibuniwa mwaka 1928 kutokana na kitambaa cha karne ya 18 kutoka Vefsn, sehemu ya mkoa huohuo, na hushonwa kwa sufu ya buluu au ya kijani. Nilichukua ya buluu, inayovaliwa na mawifi zangu.

Thamani yenyewe imo kwenye ushonaji. Fundi alinipima urefu wa sketi nikiwa nimevaa viatu vyenye bizimu nitakavyovaa siku ya sherehe, akipima kutoka sakafuni kwenda juu ili upindo ukae sawa pande zote. Ndani ya mishono ya kizibao aliacha kitambaa cha kutosha, na nilipojifungua mtoto wa pili aliifumua na kuipanua bila alama yoyote kuonekana nje. Nguo ya dukani haikubali kufanyiwa hivyo. Lililoniudhi ni ucheleweshaji, kwa sababu niliahidiwa vazi kabla ya Mei, likakamilika sherehe zikiwa zimekwisha.

Kuivaa kunahitaji utaratibu. Shati jeupe hufungwa shingoni kwa bizimu ya fedha yenye visahani vidogo vinavyoning'inia na kulia kila unapogeuka. Yangu nilipewa na mama mkwe, na ninaitunza kuliko kito kingine chochote nilicho nacho. Mkoba wa kawaida huachwa nyumbani, na badala yake huning'inizwa kiunoni kifuko kilichotariziwa maua yaleyale ya sketi. Miwani ya jua nayo wengi huona haifai. Sufu inakinga vizuri upepo wa Bodø, ambako hata theluji huweza kuanguka mwezi wa Mei, ingawa ndani ya ukumbi uliojaa watu joto lake ni kali.

Kinachobaki ni joho la kuvalia juu wakati wa baridi. Nitalishonesha kwa fundi yuleyule, ila oda nitaiweka mapema, mwezi wa Septemba.